Kumzoesha Doria kulala kizimbani: shajara ya mradi, Sahare, Tanga

18 Januari 2025: kizimba kabla ya mbwa

Lengo naliandika kwanza lisije likapotea njiani: mtoto wa mbwa wa wiki nane alale kizimbani usiku kucha bila kelele, mtaa upate usingizi, na yeye mwenyewe asiteseke. Hilo la mwisho lina uzito sawa na mengine. Mbwa anayenyamaza kwa kukata tamaa simhesabu kuwa amezoea.

Mbwa tunamtaka kwa ajili ya kuku. Kicheche ameshaingia bandani mwetu, na Doria akikua kazi yake itakuwa kulinda ua. Lakini nyumba zetu hapa Sahare zimebanana. Ukuta wangu wa uani ndio ukuta wa bibi jirani, na kamba yake ya kuanikia nguo iko upande wa pili tu. Kwa hiyo kabla sijanunua hata msumari nilikwenda kubisha hodi kwake. Waislamu wengi wa pwani hii ni wa madhehebu ya Shafii, na kwao mate ya mbwa ni najisi nzito: kilichoguswa huoshwa mara saba, mojawapo kwa udongo. Suala la mbwa kwa jirani kama huyu haliishii kwenye kelele.

Bibi alinisikiliza mpaka mwisho. "Mjukuu wangu, mbwa wa kulinda hajakatazwa. Ila kanga zangu asizifikie, na usiku niache nilale, maana mimi naamka mapema." Nikamwahidi yote mawili, na pale pale mahali pa kizimba pakawa pameamuliwa: baraza ya nyuma, upande wa mwembe, mbali kabisa na ukuta wake.

Vipimo: urefu sentimita 90, upana 60, kimo 70. Kanuni ni kwamba mbwa akiwa mzima aweze kusimama bila kuinamisha kichwa, ageuke, na alale amenyoosha miguu. Mbao na mabanzi shilingi 18,000, wavu 12,000, bawaba na komeo 4,500, misumari na msasa 5,000, fundi 20,000. Jumla 59,500.

Fundi alitaka kupaka oili chafu ya gari kuzuia mchwa, kama watu wanavyopaka nguzo za mabanda. Nilimkatalia. Mtoto wa mbwa hutafuna kila ubao ulio mbele yake, na oili hiyo ni sumu. Miguu ya kizimba tumeiweka juu ya matofali, na mbao zimepigwa msasa tu. Atakayeiga kazi hii naomba sana asiliruke hili.

26 Januari: usiku wa kwanza, na kwa nini hatutaurudia

Doria amefika jana kutoka Muheza, kwenye shamba la michungwa ambako mama yake analinda. Wiki moja kabla nilikuwa nimempelekea mwenyeji wake kipande cha kanga kuukuu akitandike pale mama anapolala na watoto wake. Kikaja kimejaa harufu yao, nacho ndicho tulichokitandika kizimbani.

Karibu kila aliyewahi kufuga mbwa aliniambia neno lile lile: mfungie barazani, mwache alie, atazoea mwenyewe. Tukafanya hivyo. Alianza kulia tulipozima taa. Kwanza kunung'unika, kisha kubweka kwa sauti nyembamba, kisha kilio kirefu kisichopumzika. Baada ya saa saba usiku sauti ilikuwa imekwaruza. Nilipotoka nilimkuta amekojoa na kunya pale pale, amekanyaga, na amekwaruza mlango mpaka pua imechubuka. Wavu ulikuwa wa kuku, ule mwembamba, na sehemu moja alikuwa ameushika kwa meno akauvuta, ncha zikabaki nje kama miiba.

Sababu hazihitaji utaalamu mkubwa. Kiumbe huyu hajawahi kulala peke yake tangu azaliwe. Amelala juu ya ndugu zake, ubavuni kwa mama. Pia kibofu chake ni kidogo. Hesabu wanayotumia wafugaji ni umri kwa miezi ukiongeza moja, na jibu ndilo saa anazoweza kujizuia. Miezi miwili, saa tatu hivi. Kumfungia kuanzia saa nne usiku hadi asubuhi ni kumlazimisha ajichafue mahali anapolala, jambo ambalo mbwa kwa asili yake analichukia. Ndiyo maana kizimba hufaa, na ndiyo maana ukikitumia vibaya kinaharibika haraka: akishazoea kulala kwenye uchafu wake, ile hali ya kujizuia inakufa.

Wavu wa kuku umeng'olewa. Nimenunua ule mgumu wenye matundu ya mraba, nyongeza ya 9,000, na ncha zote zimekunjwa upande wa nje. Asubuhi nilikwenda kumwomba radhi bibi.

29 Januari: kazi ya mchana

Hasara ya usiku ule imekuwa kubwa kuliko wavu. Doria akikiona kizimba anarudi nyuma mkia ukiwa katikati ya miguu. Usiku tunamlaza kwenye boksi gumu kando ya kitanda changu, na kizimba tumekirudisha kwenye hatua ya mwanzo kabisa.

Nimeung'oa mlango kwenye bawaba ili kisiwepo kitu cha kumtisha. Dagaa wakavu tunawaloweka kutoa chumvi, tunawavunja vipande vidogo, tunarusha kimoja mbele ya kizimba, kingine kizingitini, kingine ndani. Hatumsukumi na hatumbebi kumtia. Leo amekula chakula chake chote akiwa ndani, mwili mzima. Mlango utarudi kesho: utafungwa anapokula na kufunguliwa kabla hajamaliza, kisha alipomaliza tu, kisha baada ya kukaa kidogo.

Mlango unafunguliwa yeye akiwa kimya. Akianza kulalama, maana yake nimevuta muda mrefu kuliko uwezo wake, basi mara inayofuata naufupisha. Kinachotafutwa ni akumbuke kwamba mlango ukifungwa hufunguliwa, na kwamba kelele si ufunguo.

Jambo jingine limerekebishwa leo. Watoto walikuwa wanamchezesha kutwa kwa nia njema kabisa, wakiamini akichoka ataanguka usingizi usiku. Mtoto wa mbwa wa umri huu hulala saa 18 hadi 20 kwa siku. Akinyimwa usingizi wa mchana anakuwa mkali, anauma mikono, na usiku analia zaidi. Sasa kila akicheza kwa muda anarudishwa kizimbani kusinzia, bila kufungiwa, na watoto wanaambiwa "Doria amelala" kama wanavyoambiwa kwa mdogo wao.

2 Februari: kizimba chahamia chumbani

Kizimba kiko kando ya kitanda, juu ya stuli fupi, kiasi kwamba nikinyoosha mkono vidole vinafika kwenye wavu. Tofauti na usiku ule wa kwanza ni kubwa mno. Ananung'unika kidogo, ananusa vidole, anajikunja.

Kizimba cha mbwa mzima ni kikubwa mno kwa mtoto: alikojoa pembe moja akalala nyingine. Nimekata kipande cha plaiwudi, shilingi 6,000, kikawa ukuta wa ndani unaosogezwa. Amebakiwa na nusu tu ya nafasi, na kuchafua kumekoma.

Ratiba: chakula cha mwisho saa kumi na mbili jioni, haja saa nne kasorobo, kizimbani saa nne. Kengele ya simu saa saba, nyingine saa kumi. Ninaamka kwa kengele na si kwa kilio chake, na hili nalisisitiza. Ukimtoa kabla hajalia, anajifunza kwamba mahitaji yake yanakumbukwa. Ukisubiri alie ndipo umtoe, umemfundisha kulia.

Safari ya usiku haina taa wala maneno. Kamba shingoni, moja kwa moja mpaka kwenye mchanga chini ya mwembe, pale pale kila siku. Akimaliza anasifiwa kwa sauti ya chini, kipande cha dagaa, anarudi. Kijana wangu alijitolea zamu ya saa saba, akamkaribisha kwa michezo, na kuanzia hapo Doria akawa anaamka saa saba akiwa tayari kwa mpira. Ilichukua usiku kadhaa wa ukimya kulifuta hilo. Kijana sasa anafanya kazi hiyo vizuri kuliko mimi.

9 Februari: joto

Hiki ndicho kipengele ambacho maelekezo mengi ya kulea mbwa hayakigusi, kwa kuwa yameandikwa kwenye nchi za baridi. Yanasema funika kizimba kwa blanketi pande tatu kiwe kama pango, weka chupa ya maji ya moto badala ya joto la mama. Nilifunika kwa shuka nzito. Usiku mbili tatu zilikwenda vyema, kisha kilio kikarudi ghafla, na hakikuwa kile cha upweke. Alikuwa kimya kwa kitambo, anahema, analia mara moja kwa ukali, anahema tena.

Tuko katikati ya kaskazi. Usiku wa Tanga mwezi huu haupoi, na hewa ina unyevu mwingi. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Ana tezi chache za jasho kwenye nyayo, na njia yake kubwa ya kupoa ni kuhema, kupitisha hewa juu ya ulimi uliolowa. Hewa iliyozungukwa na shuka ikishajaa unyevu, kuhema hakumsaidii tena. Umeme ulipokatika na feni ikasimama, kile kizimba kikageuka tanuri. Nilipotia mkono ndani nilishtuka.

Tulichobadilisha: shuka imeondoka kabisa, kanga moja nyepesi inafunika upande wa taa ya nje tu. Stuli imeondoka, kizimba kiko sakafuni, maana saruji hupoa na hewa ya moto hukaa juu. Kimesogezwa kwenye mkondo wa hewa kati ya dirisha na mlango. Chupa ya plastiki ya maji yaliyogandishwa, imefungwa ndani ya kitambaa, inawekwa pembeni ili aegemee akitaka na aondoke akitaka. Tangu hapo, usiku wa umeme na usiku wa giza ni sawa kwake.

Kuhusu maji: wengi hushauri bakuli liondolewe mapema jioni ili asikojoe. Kwa joto hili siwezi kulikubali. Bakuli linakaa mpaka saa tatu unusu, na kila safari ya usiku anapewa mafunda machache. Afadhali mimi niamke mara moja zaidi.

16 Februari: tumbo, na gunia la mkonge

Wiki ya kuharisha. Mama wa nyumba alikuwa anamwongezea maziwa ya ng'ombe jioni akimwonea huruma, na maziwa hayo yana laktosi ambayo matumbo ya watoto wengi wa mbwa waliokwisha kuachishwa hayaiwezi. Usiku analia kila saa, na ni kilio cha haki kabisa. Kila mara nilimtoa. Maziwa yamesimamishwa. Anakula ubwabwa laini na dagaa waliosagwa, bila chumvi na bila kitunguu, ambacho huharibu damu ya mbwa. Daktari wa mifugo alimpima uzito akampa dawa ya minyoo, shilingi 5,000, na chanjo ya kwanza ya mchanganyiko, inayohusisha parvo (ugonjwa hatari wa virusi unaoharisha watoto wa mbwa), 25,000. Kwa sababu ya parvo hatoki nje ya ua wetu mpaka chanjo zikamilike.

Kosa la vifaa: nilidhani gunia la mkonge ndilo tandiko la kufaa hapa kwetu, imara na lenye kupitisha hewa. Alilifumua nyuzi kwa nyuzi, na asubuhi moja nyuzi zikaonekana kwenye kinyesi. Nyuzi ndefu zinaweza kufunga utumbo na kumuua mbwa. Tumerudi kwenye kanga kuukuu zilizokunjwa, pindo zote zimekatwa, na tunazikagua kila siku.

Bibi aliuliza kwa juu ya ukuta, "Yule mtoto wako anaumwa? Kilio chake cha juzi si cha kudeka." Alikuwa amekwisha kutofautisha akiwa chumbani kwake. Nami sasa nazitambua sauti hizi: ya upweke hupanda na kushuka, kisha husikiliza kama kuna anayekuja, ya haja huanza na kuzunguka na kukwaruza sakafu, ya joto huja na kuhema, ya maumivu haingoji jibu. Ni ile ya kwanza peke yake ninayoiacha ipite, na hata hiyo, baada ya kuhakikisha zile nyingine hazimo.

23 Februari: safari ya kwenda barazani

Wiki kumi na mbili sasa. Kengele ya saa saba imefutwa. Anatolewa saa tisa tu. Kizimba kimeanza kusogea: kutoka ubavuni kwa kitanda hadi mlangoni, kisha korido, kisha ukumbini. Kila sehemu anakaa mpaka alale vizuri ndipo kisogezwe tena. Kuruka kutoka korido hadi barazani kwa mara moja kulishindikana; alilia, tukarudi ukumbini kwanza bila kulifanya jambo kubwa. Hatua za katikati ndizo zinazobeba kazi yote.

1 Machi: adhana

Kizimba kimefika barazani, na huko nje kuna sauti ambazo chumbani zilikuwa mbali. Kubwa kuliko zote ni adhana ya alfajiri. Muadhini akivuta sauti, Doria anainua pua na kuvuta yake. Mbwa huitikia sauti ndefu zinazovutwa, iwe king'ora au mbwa mwenzake wa mbali; hana kusudio baya. Lakini nimeishi na majirani hawa miaka mingi, na sipendi mbwa wangu awe ndiye anayeingilia mwito wa sala.

Mtu mmoja alinishauri nirekodi adhana niwe nampigia kidogo kidogo kwenye simu. Sikuliona kuwa la heshima, na wala halikuhitajika: mwito wenyewe unakuja mara tano kwa siku, na saa zake zinajulikana. Adhuhuri, alasiri, magharibi, isha, kila aliyeko nyumbani anakaa karibu na Doria dakika chache kabla, na sauti inapoanza anampa vipande vya dagaa kimoja kimoja mpaka mwisho. Inapokoma, dagaa wanakoma. Mdomo unaotafuna hauimbi, lakini shabaha yetu ni ya mbali zaidi: sauti ile imaanishe kwake kitu kizuri kinachokuja, ageuke kumtazama mtu badala ya kuitikia. Kwa alfajiri anatolewa haja kabla ya saa kumi na moja, ili adhana imkute hana shida nyingine. Siku tulizosahau dagaa, aliitikia. Tulizokumbuka, alinyamaza, na sasa hata bila dagaa anageuza kichwa tu.

Leo pia amepata chanjo ya pili ya mchanganyiko, 25,000, na ya kichaa cha mbwa, 10,000, kwa kuwa ametimiza miezi mitatu.

8 Machi: daku

Ramadhani imeingia mwanzoni mwa mwezi, na vijana wa kuamsha daku wanapita usiku na ngoma na madebe. Usiku wa kwanza Doria alibweka mpaka walipokata kona. Nikahamisha safari ya saa tisa ilingane nao: wanaposikika kwa mbali, sisi tumeshatoka, kamba mkononi, dagaa mfukoni. Wanapita, anakula, anakojoa, anarudi. Mtaa mzima uko macho wakati huo, majiko yanawaka, kwa hiyo hata akibweka kidogo hamkatizi mtu usingizi. Mwezi nilioogopa kuliko yote umekuwa mwepesi. Bibi ametuletea sahani ya futari, na akasema usiku sasa hamsikii.

23 Machi: hali ilivyo

Doria ana wiki kumi na sita. Analala kuanzia saa nne mpaka safari ya kabla ya alfajiri, barazani, peke yake. Akibweka usiku naamka kuangalia, kwa kuwa sasa kubweka kwake kuna habari. Juzi kulikuwa na kicheche juu ya banda. Plaiwudi ya ndani imesogezwa mwisho. Mchana mlango uko wazi, na anaingia mwenyewe jua likikaza.

Matumizi hadi leo: kizimba 59,500, wavu mgumu 9,000, plaiwudi 6,000, dawa ya minyoo 5,000, chanjo mbili za mchanganyiko 50,000, ya kichaa cha mbwa 10,000. Jumla 139,500, chakula mbali. Aliye na mbao zake na ustadi wa kupiga misumari anaokoa hela ya fundi. Kwenye wavu na chanjo asipunguze kitu.

Kilichobaki: chanjo ya tatu wiki ijayo, na kipande cha bati juu ya baraza upande wa mwembe kabla masika hayajashika, kwa sababu mvua ya upepo itaingia moja kwa moja kizimbani. Bati likishafungwa nitamzoesha mlio wa matone kwa maji ya kopo, mchana, akiwa anakula.